Mlima Uliopungua Mita 115

Tarehe 6 Oktoba, 1889, Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, huku Mwini Amani wa Pangani akiwalindia kambi chini. Baadaye ramani za Kijerumani zikaandika kimo chake kuwa mita 6,010. Mwaka 1952 wapimaji wa Kiingereza wakasema ni 5,895. Je, mita 115 zilikwenda wapi?

Wapanda milima wa zama hizo walipima kimo kwa kupima hewa. Hewa ina uzito, na kadiri unavyopanda ndivyo inayokulemea inavyopungua. Florin Périer alilithibitisha hilo tarehe 19 Septemba, 1648, alipopandisha zebaki mlima Puy de Dôme, Ufaransa, kwa ombi la shemeji yake Blaise Pascal. Mwaka 1844 Lucien Vidie akabuni kikopo kilichoondolewa hewa, kinachobonyea na kutanuka. Hapo kipimo kikaingia mfukoni.

Lakini chombo hicho hakiujui mlima. Hapa pwani kanieneo ya hewa hupanda kila siku kufikia saa nne asubuhi, ikashuka kufikia saa kumi jioni, tofauti ya milibari tatu hivi. Milibari moja karibu na usawa wa bahari ni kama mita 8. Basi iache altimita juu ya meza Kariakoo, urudi jioni: itakuambia meza imepanda mita 24! Ndiyo maana rubani hupewa kanieneo ya uwanja kabla ya kutua. Kwenye ukungu, mita 24 ni nyingi mno.

Kuna na joto. Hewa ya moto hutanuka. Ukikosea kukadiria joto lake kwa nyuzi 10, kimo kitakosewa kwa asilimia kama 4. Kwa Kibo hizo ni zaidi ya mita 200. Mimi nasema waliopata 6,010 wanastahili heko.

Siku hizi wageni hupanda na saa za mkononi zenye altimita. Wenye busara huisahihisha kila wanapofika penye kibao cha kimo. Asiyefanya hivyo hulala Horombo, akaamka na kukuta kibanda kimepanda.

Wapimaji wa 1952 walitumia pembe, si hewa. Mwaka 1999 vipimo vya satelaiti vikatoa 5,892. Kibao cha kileleni bado kinasema 5,895.