Mwanafunzi wa Udaktari na Mtu Asiyekumbuka

Huenda, msomaji, wadhani kuwa shahada ya juu hupatikana maktabani tu. Elimu ya ubongo na tabia za watu ilijifunzwa zaidi kando ya vitanda vya wagonjwa.

Brenda Milner alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1918, akasoma Cambridge, akavuka bahari kwenda Kanada mwaka 1944. Huko alikuwa akifundisha chuo kikuu, hata hivyo akakubali kuwa mwanafunzi tena wa Donald Hebb, katika Chuo Kikuu cha McGill. Sisi walimu twajua ugumu wa jambo hilo, ingawa hatupendi kukiri. Mwaka 1950 Hebb alimpeleka katika hospitali ya ubongo aliyoiasisi Wilder Penfield mjini Montreal, ambako wagonjwa wa kifafa walikuwa wakipasuliwa. Aliwapima kwa picha na hadithi, kabla ya kisu na baada yake, apate kujua kila mmoja amepoteza nini. Shahada akaipata mwaka 1952, lakini mtihani mkubwa ulikuwa mbele.

Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27, akamtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua; lakini tangu hapo jambo jipya halikukaa kichwani mwake. Mpimaji asiyefunzwa angalimwandika punguani. Milner, aliyemwendea mwaka 1955, aliona kuwa akili yake ni nzima. Baadaye alimpa kalamu ya risasi afuate umbo la nyota, baina ya mistari miwili, akiutazama mkono wake katika kioo tu. Jaribu nawe, uone mkono unavyokaidi! Henry alirudia siku tatu. Mkono ukawa hodari, naye hakukumbuka kuwa amepata kuifanya kazi ile. Basi ikajulikana kwamba ustadi wa mkono na kumbukumbu za mambo yaliyopita havikai mahali pamoja katika ubongo.

Mwaka 1997 wataalamu walikutana Houston, wakaafikiana kwamba baada ya shahada ya udaktari mtu atumike miaka miwili chini ya wakubwa wa kazi.

Mwanafunzi wa Milner, Suzanne Corkin, alipata shahada yake McGill mwaka 1964, akaendelea kumchunguza Henry hata alipofariki mwaka 2008. Kwa miaka yote hiyo Henry hakupata kumjua ni nani; pengine alidhani walisoma pamoja shuleni.