Chuma katika Uji

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu huko Pawaga, bondeni, ambako mbu si kama wa huku Iringa mjini penye baridi. Mtoto wetu wa tatu, wa miaka miwili, alishikwa na homa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Mimi niliyetoka chuo cha ualimu nilijua kuwa damu inahitaji chuma, basi nikachukua vidonge vya kuongeza damu alivyobakiza mama yake tangu uja uzito, nikasaga kimoja katika uji kila asubuhi. Klorokwini tuliipata siku ya tatu. Siku ya tano tulimzika.

Sikumwambia mtu habari ya uji ule.

Januari 2002 watafiti walianza kuwapa watoto wadogo wa Pemba chuma na asidi ya foliki kila siku. Waliofuatiliwa walizidi 24,000. Nia yao ilikuwa njema, kama yangu. Agosti 2003 utoaji wa chuma ukasimamishwa, kwa kuwa waliopewa walilazwa au kufa zaidi ya wenzao kwa asilimia 12. Jarida la Lancet lilichapisha habari hiyo mwaka 2006. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa kwa karibu, watoto waliopungukiwa chuma na damu walinufaika.

Sasa utamjuaje aliyepungukiwa? Ipo protini iitwayo feritini, ghala ya chuma mwilini, ambayo Laufberger aliitoa katika wengu wa farasi mwaka 1937. Ikipungua katika damu, ghala ni tupu. Taabu ni kwamba homa ikiingia, mwili hukifungia chuma ili vijidudu visikipate, na feritini hupanda hata kwa mtoto mwenye njaa ya chuma. Ikipanda mno, daktari huanza kuhofia ukali wa ugonjwa wenyewe.

Sisemi vidonge ndivyo vilivyomwua mwanangu. Malaria peke yake ilitosha. Wala sisemi havikumdhuru.

Mwaka jana mjukuu wangu aliugua malaria, na binti yangu akataka kumpa dawa ya damu hapo hapo.

"Ngoja, mwanangu. Kwanza malaria itibiwe, na daktari aseme."

"Umejuaje, baba?"

Nikamweleza habari ya uji, mama yake akiwa ameketi pale pale. Alipokwisha kusikiliza, mke wangu alisema kuwa vidonge vile alivihesabu siku ile ile tuliyotoka makaburini.