Vipuri vya breki

Vipuri vya breki (kwa lugha ya gereji: spea za breki) ni sehemu za mfumo wa breki wa gari zinazobadilishwa zikichakaa, hasa pedi, viatu vya breki, diski, drami na mipira ya silinda. Mwenye gari kuukuu huchagua kati ya vipuri halisi vya kampuni iliyounda gari na vipuri mbadala vya viwanda vingine.

Aina

Dukani neno "orijino" hutumika kwa vitu tofauti:
- Vipuri halisi huuzwa katika boksi lenye jina la kampuni ya gari, kwa mfano Toyota. Mara nyingi hutengenezwa na kiwanda kingine kwa mkataba.
- Vipuri mbadala hubeba jina la mtengenezaji wake. Baadhi ya watengenezaji hao, kama Akebono na Advics za Japani, huviuzia pia viwanda vya magari. Ubora wa wengine hutofautiana sana.
- Vipuri bandia huiga jina na boksi la kampuni nyingine. Nchini Tanzania bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na viwango na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Viwango

Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa hudai pedi mbadala isitofautiane na ya awali kwa zaidi ya asilimia 15 katika nguvu ya kusimamisha gari. Pedi iliyoidhinishwa hupigwa chapa ya herufi E na namba ndani ya duara.

Joto na miteremko

Wilaya ya Ngara mkoani Kagera, yenye kata kama Kibimba, ni nchi ya vilima. Barabara kuu kutoka Lusahunga wilayani Biharamulo hupita humo kwenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Kwenye mteremko mrefu breki hugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na pedi hafifu ikipata joto sana hupoteza msuguano.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya sentigredi 205. Yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama bila gari kusimama. Kwa hiyo hata pedi halisi haisaidii gari lenye mafuta ya zamani. Dereva hupunguza joto kwa kuteremka katika gia ndogo.

Uchaguzi

Kipuri hutafutwa kwa namba ya chesisi, kisha hulinganishwa na cha zamani. Pedi hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja, la sivyo gari huvuta upande. Diski iliyopungua kuliko unene wa chini uliochapwa juu yake hubadilishwa pia. Kama kipuri halisi hakipatikani tena, mbadala wenye chapa ya kiwango ni salama kuliko "orijino" isiyojulikana ilikotoka.

Tazama pia
- Breki
- Msuguano
- Wilaya ya Ngara