UZI: Pensheni ya wakili wa serikali inakaa wapi, na ni nani anaishika?

1/ Msimu wa siasa ukifika, jukwaani hakukosi mtu wa kusema "pesa za wazee zimeliwa." Makofi. Mwingine anapanda na kusema "pesa ziko salama, wacheni porojo." Makofi tena. Shida ni kwamba wote wawili wanabishana juu ya mfuko ambao, kwa watumishi wengi wa serikali kuu, haukuwepo kabla ya Januari 2021. Hebu twende na historia pole pole. Nitatumia mfano wa mawakili wa serikali, wale wanaosimama kortini kwa niaba yetu sisi walipa kodi.

2/ Wakili wa pale Sheria House, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ni mtumishi wa umma kama karani au daktari wa serikali. Hana mfuko wake peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, tuliyoirithi kwa mkoloni. Chini ya sheria hiyo hakatwi mshahara kwa ajili ya pensheni yake mwenyewe. Anafanya kazi, anatimiza angalau miaka 10, anafika umri wa kustaafu, serikali inamlipa mpaka anapofariki.

3/ Hesabu yake ni hii. Kila mwezi uliofanya kazi unahesabiwa sehemu 1 kati ya 480 ya mshahara wako wa msingi wa mwaka. Tuseme wakili amestaafu akiwa na mshahara wa msingi wa sh 100,000 kwa mwezi, na amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Gawanya 360 kwa 480, unapata asilimia 75. Pensheni yake ni sh 900,000 kwa mwaka. Akichagua kupokea robo yake mara moja kama kiinua mgongo, robo hiyo inazidishwa mara 20: sh milioni 4.5 mkononi. Baada ya hapo anapokea sh 56,250 kila mwezi.

4/ Tamu, si ndiyo? Sasa uliza: hiyo milioni 4.5 ilikuwa imewekwa wapi kwa miaka 30? Jibu ni hakuna mahali. Hakukuwa na akaunti, hisa, bondi wala ploti kwa jina la huyo wakili. Analipwa kutoka kwa kodi zinazokusanywa mwaka huu, kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali, kule kule deni la taifa linakolipwa. Watoto wanaolipa kodi leo ndio wanaomlipa mzee wa leo. Kwa hivyo mtu akikuambia pesa za Sura ya 189 "ziliibwa kwenye uwekezaji", mwambie hazikuwahi kuwekezwa.

5/ Na kuna kipengele watu hawakisomi. Sheria hiyo hiyo inasema afisa hana haki kamili ya kudai pensheni kwa kazi aliyofanya. Mkoloni aliiandika pensheni kama zawadi ya mwajiri kwa mtumishi mwaminifu. Zawadi inaweza kucheleweshwa. Ndiyo maana kizazi kizima cha Wakenya kinajua ngazi za Bima House kuliko ngazi za nyumbani kwao, wakifuatilia faili.

6/ Walimu walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1997 kulikuwa na makubaliano ya nyongeza ya mishahara, ilipwe kwa awamu. Waliostaafu kati ya 1997 na 2007, karibu 52,000, pensheni yao ikapigwa hesabu kwa mshahara wa zamani. Wakaenda Mahakama Kuu Nakuru, wakashinda mwaka 2008. Kushinda wakashinda, lakini pesa zikaendelea kuwa hadithi kwa miaka, na wengi walizikwa kabla ya kuona chochote. Uamuzi wa korti walikuwa nao. Mfuko wa kulipia uamuzi huo ndio haukuwepo. Ilibidi kila bajeti isubiriwe, kila bajeti ibembelezwe.

7/ Sasa upande wa pili: waliokuwa na mfuko. NSSF ilianza 1965. Pale pesa zilikatwa kweli kweli na zikawekezwa. Lakini kufikia miaka ya 1990 sehemu kubwa sana ya mali yake ilikuwa imefungwa kwenye ardhi na majengo. Ploti haiuziki asubuhi ili mzee alipwe jioni. Na anayepanga bei ya ploti inayonunuliwa na mfuko wa umma akiwa ndiye rafiki wa muuzaji, unajua mambo yanavyokwenda.

8/ Kwa sababu ya mambo kama hayo, sheria ya malipo ya uzeeni ikapitishwa 1997 na mdhibiti, RBA, akazaliwa. Wazo lake kuu ni rahisi: mtu mmoja asishike kila kitu. Wadhamini wanaamua sera. Meneja wa uwekezaji ananunua na kuuza. Benki tofauti inatunza mali yenyewe, ili meneja asiweze kuondoka nayo. Msimamizi anaweka rekodi za wanachama. Na kuna viwango vya juu: bondi na hati za serikali zisizidi asilimia 90 ya mfuko, hisa za soko asilimia 70, ardhi na majengo asilimia 30, uwekezaji nje ya nchi asilimia 15.

9/ Serikali iliwawekea wengine masharti hayo, yenyewe ikabaki na Sura ya 189. Mwaka 2009 umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka 55 hadi 60. Bili ikasukumwa mbele miaka mitano. Mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya mfuko mpya wa watumishi wa umma, PSSS. Ukaanza lini? Januari 2021! Miaka minane na zaidi ikiwa kwenye kabati.

10/ Mbona kuchelewa hivyo? Kwa sababu kuhama kunaumiza. Ukianzisha mfuko, lazima uendelee kuwalipa wazee wa mpango wa zamani, na wakati huo huo uanze kuwawekea vijana wa mpango mpya. Unalipa mara mbili kwa miaka mingi. Hakuna serikali inayopenda kupandia mti ambao kivuli chake kitakaliwa na serikali nyingine.

11/ Mfumo mpya uko hivi. Mtumishi aliyekuwa chini ya miaka 45 aliingizwa kwa lazima, wa 45 na zaidi aliruhusiwa kuchagua. Walimu, polisi na askari jela wamo pia, wanajeshi hawamo. Mtumishi alianza kukatwa asilimia 2, mwaka wa pili 5, kuanzia wa tatu 7.5. Serikali inaongeza asilimia 15. Wakili wetu wa sh 100,000 anatoa 7,500, serikali 15,000. Hiyo ni 22,500 kila mwezi, 270,000 kwa mwaka, na safari hii iko kwa jina lake.

12/ Lakini skiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mjadala ulipohamia. Zamani hesabu ya 480 ilikulinda: soko likianguka, halikuhusu. Sasa utakachopata ni michango yako, ukiongeza faida, ukitoa gharama. Hatari imetoka kwa serikali ikahamia kwa mfanyakazi. Hiyo si wizi. Ila ni mabadiliko makubwa, na watu wengi walikatwa pesa kabla ya kuelezwa.

13/ Hatari ya kwanza: mwajiri asipeleke pesa. Muulize wakili wa serikali ya kaunti. Yeye hayuko PSSS. Michango yake huenda kwa mifuko ya wafanyakazi wa kaunti, ambayo imerithi historia ya mabaraza ya miji ya zamani. Kaunti zimekata watu mishahara na hazijapeleka, na deni hilo limefika makumi ya mabilioni ya shilingi. Kwenye payslip pesa zimetoka. Kwenye mfuko hazijafika. Meneja hodari namna gani hawezi kuwekeza pesa ambazo hajaziona.

14/ Hatari ya pili: pesa zinarudi kule kule. Mifuko ya pensheni ya Kenya kwa jumla ilipita sh trilioni 2 mwaka 2024, na karibu nusu iko kwenye bondi na hati za serikali. Fikiria mzunguko huo. Serikali inachanga kwa kodi, mfuko unaikopesha serikali, serikali italipa kwa kodi. Riba imekuwa nzuri, na ukiangalia hisa za Nairobi zilivyoporomoka 2022 na 2023, hutamlaumu meneja. Lakini ukweli ni kwamba mzee bado anategemea bajeti, sema tu sasa ameshika karatasi ya deni. Karatasi hiyo ni bora kuliko ahadi ya Sura ya 189. Ila haimtoi kabisa mikononi mwa Hazina ya Kitaifa.

15/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa upande wowote, akisema "tutatumia pesa za pensheni kujenga hiki na kile", usikimbilie kupiga makofi wala kuzomea. Muulize: Michango ya mwezi uliopita imefika? Nani aliamua uwekezaji huo, wadhamini au simu kutoka juu? Faida ni ngapi ukitoa mfumuko wa bei? Mradi ukikwama, unauzika ili mzee alipwe?

16/ Na kama wewe ni mtumishi wa umma, una haki ya kupata taarifa ya akaunti yako kila mwaka. Idai. Linganisha na payslip mwezi kwa mwezi. Wale walimu wa 1997 hawakuwa na karatasi kama hiyo ya kushika. Wewe unayo.

Mwisho wa uzi. Mtumie yule jamaa wa grupu anayesema kila siku "zililiwa zote."