Kahuzi: waliomwonyesha mgeni njia ndio waliofukuzwa

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilipotangaza, Julai 2024, kwamba Kongo iliwavunjia Batwa, wenyeji wa msitu, haki zao kwa kuwatoa katika mbuga ya Kahuzi-Biega, wengi wetu mjini Bukavu tulijifanya kushangaa. Kana kwamba hatukujua mbuga tunayojivunia mbele ya wageni ilikuwa makao ya watu.

Tarehe zake zinajulikana. Wabelgiji walitenga hifadhi ya mlima Kahuzi mwaka 1937. Novemba 30, 1970, rais Mobutu akatia saini, mbuga ikazaliwa. 1975 ikapanuliwa mara kumi, toka kilomita za mraba 600 hadi 6,000, na vijiji vizima vikajikuta ndani ya mipaka. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1980.

Anayesifiwa siku zote ni Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyeipigania mbuga hadi ikapatikana. Humtaji bila Casimir, dume la gorila la mgongo mweupe. Casimir alinguruma, akavunja matawi, akamjia mbio. Deschryver akasimama palepale mpaka mnyama akageuka na kurudi kwa jamaa zake. Ujasiri alikuwa nao, simnyimi. Dieter Plage alimpiga filamu, na Ulaya ikaijua Kahuzi. Ila katika mianzi ile mizito, Casimir alipatikanaje? Batwa walitangulia, wakisoma mavi, machipukizi yaliyotafunwa, viota vilivyolaliwa usiku uliopita. Wachache wao walibaki na kazi ya kufuata nyayo. Maelfu ya ndugu zao walitolewa bila fidia wala shamba, wakawa vibarua katika mashamba ya wenzao Kabare na Kalehe.

Vita vikaja, vikawafyeka tembo wa milimani. Gorila wa huko wakapungua toka 250 hivi mwaka 1990 hadi karibu 130 mwaka 2000. Oktoba 2018 baadhi ya Batwa walirudi msituni wenyewe. Damu ikamwagika, miti ikakatwa, lawama zikawaangukia wao. Basi tuulizane: magunia ya makaa yanayoshushwa Kadutu, hapa mjini, hununuliwa na nani? Si Mtwa anayepikia mji mzima.

Tume imetaka Batwa warudishiwe ardhi, walipwe, na serikali iwaombe radhi hadharani. Uamuzi huo ulielekezwa Kinshasa. Lakini Februari 2025, Bukavu ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23.