Mgawo wa Viti na Hatamu za Chama: Kuisoma Upya Arusha ya Burundi

Machi 21, 2014, Bunge la Burundi lilipiga kura juu ya muswada wa kubadili Katiba, muswada ambao wengi waliuona kuwa ni njia ya kumpa Rais Pierre Nkurunziza muhula wa tatu. Zilihitajika kura 85 kati ya 106, zikapatikana 84. Mwaka uliofuata Nkurunziza aligombea vilevile, bila kugusa hata nukta moja ya Katiba hiyo. Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Arusha, ambao Katiba hiyo iliutekeleza, unapojadiliwa, mjadala kwa kawaida hugota kwenye swali la kama ulifaulu au ulikufa. Kura ile moja iliyopungua, na jinsi ilivyozungukwa, inatupa swali bora zaidi: mkataba huu ulijengwa kumzuia nani? Ulizuia kwa uhodari vita vya kikabila, jambo lililoogopwa kuliko yote. Haukumtazamia mshindi atakayetoka msituni, asiyekuwamo ukumbini siku ya kutia saini.

Hofu ya wajumbe wa Arusha ilikuwa na mwaka wake. Juni 1993, Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mhutu, na chama chake cha Frodebu kikatwaa viti 65 kati ya 81. Oktoba 21 mwaka huohuo wanajeshi wakamuua. Jeshi lilikuwa mikononi mwa maofisa wa Kitutsi, na kura, hata zikiwa nyingi namna gani, hazikuwa na bunduki ya kuzilinda. Vita vilivyofuata vinakadiriwa kuua watu wapatao 300,000. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, aliyeanza usuluhishi Mwanza mwaka 1996, na baada ya kifo chake Nelson Mandela, hawakuhangaika sana na nani angeshinda uchaguzi. Walihangaika na namna ya kumfanya aliyeshindwa alale usingizi.

Jawabu lilikuwa hesabu. Katika Katiba ya 2005, iliyoutekeleza mkataba uliotiwa saini Agosti 28, 2000, Bunge na serikali viligawanywa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi. Seneti ikawa nusu kwa nusu. Jeshini kundi lolote lisizidi nusu. Watwa wakatengewa viti vitatu katika kila baraza. Wanawake wakapewa angalau asilimia 30. Wako wanaosema hesabu ya namna hii huugandisha ukabila. Sikubaliani nao, angalau kwa Burundi. Nchi ambayo mtu aliuawa kwa sababu ya kundi lake haiwezi kujifanya kwamba makundi hayapo. Rwanda ilichagua kuyafuta katika lugha ya siasa, Burundi ikachagua kuyahesabu hadharani, na kinachohesabiwa hadharani hakinong'onezwi sana gizani.

Ushahidi ni mgogoro wenyewe wa 2015, uliozuka Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu. Walioandamana Bujumbura walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja. Jenerali Godefroid Niyombare, aliyetangaza mapinduzi Mei 13, alikuwa Mhutu na mpiganaji wa zamani wa CNDD-FDD, kundi la waasi lililogeuka kuwa chama cha Nkurunziza mwenyewe. Spika wa Bunge, Pie Ntavyohanyuma, na Makamu wa Pili wa Rais, Gervais Rufyikiri, wote wa chama tawala, walikimbilia uhamishoni. Yalifanyika majaribio ya kuuvika mgogoro vazi la kikabila, na vazi halikumkaa mtu. Kwa wanaoyakumbuka mauaji ya kikabila ya 1972 au 1993, hilo si jambo dogo.

Basi kasoro ilikuwa wapi? Tazama namna mgawo ulivyotekelezwa. Sheria ilitaka orodha za wagombea zichanganywe: katika kila majina matatu yanayofuatana, yasizidi mawili ya kundi moja. Nia ilikuwa njema, vyama visiwe vya kundi moja. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba chama kimoja chenye nguvu kingeweza kuijaza asilimia 40 kwa Watutsi wake chenyewe, wanaoteuliwa na kuondolewa na uongozi wa chama. Mgawo ulihesabu mbunge ni nani. Haukuhesabu anamtii nani. Wapinzani waliposusia uchaguzi wa wabunge mwaka 2010, CNDD-FDD ilipata viti 81 kati ya 106. Makundi yalikuwa yametimia kwenye karatasi, lakini mizani haikuwapo. Sharti la theluthi mbili kwa sheria za kawaida chama kililivuka kwa viti vyake chenyewe; kilichobaki kukikwamisha ni sharti la nne kwa tano kwa Katiba, lile lililokizidi kwa kura moja mwaka 2014.

Kisha kuna suala la saini. Pande 19 zilitia saini Arusha, CNDD-FDD haikuwamo. Ilijadiliana peke yake baadaye, Pretoria, mwaka 2003, ikapata asilimia 40 ya nafasi za maofisa katika jeshi jipya, na mwaka 2005 ikashinda uchaguzi. Kwa macho ya viongozi wake, Arusha ilikuwa nyumba iliyojengwa na wengine, wao wakapewa funguo. Mkataba ulisema bayana kwamba hakuna mtu atakayetawala mihula zaidi ya miwili. Katiba ikasema rais huchaguliwa na wananchi wote kwa miaka mitano, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja. Kifungu kingine kikamruhusu rais wa kwanza, kwa namna ya pekee, achaguliwe na Bunge. Katika ufa huo wanasheria wa serikali walipenya: muhula wa 2005, walisema, hauhesabiki. Mahakama ya Katiba ikakubali, na makamu wa rais wa mahakama hiyo akakimbilia Rwanda.

Majirani walikuwa wapi? Mwaka 1996, Pierre Buyoya alipopindua serikali, waliiwekea Burundi vikwazo ndani ya siku chache. Mei 2015 wakuu wa Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam, wakalaani mapinduzi kama ilivyostahili, wakaomba uchaguzi uahirishwe, lakini hawakutamka kama muhula wa tatu unakiuka Arusha. Kigoma ndiyo iliyopokea matokeo ya ukimya huo: kambi ya Nyarugusu ikafurika, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena, na katika eneo zima wakimbizi wa Burundi wakapita 400,000.

Katiba mpya ya 2018 ilirefusha muhula hadi miaka saba, ikapunguza masharti ya kupitisha sheria za kawaida kuwa wingi kamili, na ikaipa Seneti miaka mitano ya kutathmini kama mgawo wa kikabila uendelee au ufutwe. Novemba 2021, kitengo cha rufani cha Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake jijini Arusha, kiliamua kwamba uamuzi wa kuruhusu muhula wa tatu ulikiuka Mkataba wa Arusha na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nkurunziza alikuwa amefariki tangu Juni 2020, baada ya kuumaliza karibu wote muhula uliobishaniwa.