Mabomba ya shaba: Doa la kijani ni onyo kwa mwenye nyumba

Doa la kijani au la samawati linalojitokeza kwenye sinki, chini ya koki, huchukuliwa na wengi kuwa ni uchafu wa kusuguliwa kwa sabuni na kusahauliwa. Katika nyumba yenye mabomba ya shaba, doa hilo ni dalili kwamba maji yanakula bomba polepole, na kwamba sehemu ya shaba hiyo inaishia katika glasi ya kunywea.

Shaba haishiki kutu nyekundu kama chuma. Bomba jipya linapoanza kupitisha maji, ukuta wake wa ndani hujijengea utando mwembamba unaolikinga, na bomba la aina hiyo huweza kudumu kwa miaka 50 au zaidi. Matatizo huanza pale utando huo unaposhindwa kujengeka au unapobanduka.

Chanzo kikuu ni maji yenyewe. Maji yenye tindikali, hasa yale ambayo kipimo chake cha pH kiko chini ya 6.5, huyeyusha utando huo. Maji ya baadhi ya visima yana hali hiyo, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tanki nayo huwa na tindikali kidogo na madini machache.

Chanzo kingine ni kasi. Maji ya moto yanayopita kwa zaidi ya mita 1.5 kwa sekunde hukwangua ukuta wa bomba, hasa kwenye kona. Fundi asiyelainisha ncha ya bomba baada ya kulikata, au anayeacha dawa ya kulehemia ndani yake, naye hupanda mbegu ya matundu yatakayoonekana miaka kadhaa baadaye.

Uzito wa jambo hili uko kwenye afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka ukomo wa miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiwango kikizidi, mnywaji huweza kupata kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo wanahitaji uangalizi zaidi.

Ifahamike kwamba kuchemsha maji, ingawa huua vijidudu, hakuondoi shaba. Maji yanapopungua kwa mvuke, shaba iliyobaki huzidi kukolea.

Kinga ya haraka haina gharama kubwa. Asubuhi, au baada ya nyumba kukaa bila watu, koki ifunguliwe hadi maji yabadilike na kuwa ya baridi zaidi, kwani yaliyolala bombani ndiyo yenye shaba nyingi. Maji hayo yanafaa kufulia au kumwagilia bustani. Maji ya kunywa na kupikia yachotwe kwenye koki ya baridi, kwa kuwa maji ya moto huyeyusha shaba kwa urahisi.

Hatua inayofuata ni kupima maji katika maabara. Yakibainika kuwa na tindikali, huwekwa chujio lenye chembe za mawe ya chokaa mahali maji yanapoingilia nyumbani, na chembe hizo huongezwa kadiri zinavyoisha. Mahali ambapo bomba la shaba linakutana na la chuma lililopakwa zinki, kiwekwe kiungo cha plastiki kati yake, na la shaba lisitangulie la chuma katika mkondo wa maji.

Tundu moja likitokea, kipande kilichoharibika hukatwa na kuwekwa kingine. Kufunga mpira au kupaka gundi ni msaada wa muda tu. Matundu yakijirudia sehemu mbalimbali za nyumba, ni busara kubadili mabomba yote.

Hata hivyo, kubadili bomba bila kurekebisha maji hakumalizi tatizo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wengi wa vitongoji vya Maryland, jirani na Washington nchini Marekani, walisumbuliwa na matundu madogo katika mabomba ya shaba. Mamlaka ya maji ya huko, WSSC, ilianza mwaka 2003 kutia fosfati majini ili kuimarisha utando wa ndani ya mabomba.

Kwa mwenye nyumba, somo ni kwamba doa lisifutwe kabla chanzo chake hakijajulikana.